Mwalimu Aliyevuka Kote Isipokuwa Busisi

Kila ninapojaribu kumweleza mtu habari za Mwalimu, naanza vizuri tu, halafu katikati nachanganyikiwa. Nikisema alikuwa mtu wa safari, nakumbuka kuna mahali pa karibu alipokataa kabisa kwenda. Nikisema alikuwa mkali, nakumbuka michembe aliyokuwa akinifungia kwenye gazeti kila Jumapili, viazi vyake mwenyewe, vilivyokatwa na kukaushwa juani kwa mikono yake. Nilipanga chumba kwenye uwanja wake pale Pasiansi kwa miaka mingi kabla sijahamia Buswelu. Nimekula ugali wake, nimetengeneza friji lake mara zisizohesabika, nimesikia kikohozi chake kupitia ukutani. Bado ukiniuliza mama yule ni mtu wa namna gani, nitakuomba unipe muda.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na wengine hawakujua kama ana jina jingine. Alifundisha Jiografia mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu aliendelea kutufundisha sisi, tutake tusitake. Ukimpita getini bila shikamoo, alikurudisha. Ukimwamkia, aliitika marahaba kwa sauti ya darasani, halafu anakuuliza swali. "Mto Kagera unaingia ziwani au unatoka?" Fundi friji kama mimi, nimebeba kompresa ya watu begani, nasimama juani kujibu habari za Mto Kagera. Nilikuwa najibu, kwa sababu mimi ni Mhaya na mto ule ni wa kwetu, na kwa sababu kodi yangu mara nyingi ilikuwa imechelewa.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni madaraja. Kila mgeni aliambiwa mapema kwamba Mwalimu ameivuka nchi hii. Hakusema ameizunguka wala ameitembea. Alisema ameivuka. Likizo ilipofika, wenzake wakiwa wanalima mpunga au wanasahihisha mitihani, yeye alipanda basi Nyegezi akaenda kutazama daraja. Alianza na Simiyu na Kirumi, kwa kuwa ni jirani. Akaenda Rusumo, akasimama juu ya maporomoko mpaka askari wa mpakani akamuuliza kama anavuka au anarudi. Akaenda Malagarasi kule Kigoma, akaenda Wami, Kilombero na Rufiji. Akaenda Kigamboni, ambako zile nyaya nene zilimkera, akasema zinamzuia mtu kuona maji. Mwishowe alifika Mtambaswala, kusini kabisa, Mto Ruvuma unapotutenga na Msumbiji, safari iliyomvimbisha miguu mpaka akashindwa kuvaa viatu.

Aliporudi nilimuuliza kusini kukoje.

"Kuna daraja," akasema.

"Na miji je, Mwalimu? Watu wake?"

"Mji gani tena, mwanangu? Mimi nilifuata daraja."

Basi ndivyo alivyokuwa. Kapita Kigoma, hajui dagaa wake. Kapita Dar, hana hata habari moja ya Kariakoo. Mwalimu mzima wa Jiografia! Nilikuwa nakasirika kwa niaba ya hiyo nauli.

Tena hakukubali kuvuka daraja akiwa ndani ya basi. Alimwomba konda amshushe kabla, avuke kwa miguu, na basi limsubiri ng'ambo. Pale Rufiji, akirudi Dar, kwa maelezo yake mwenyewe, konda alishika kichwa. "Mama, daraja lenyewe refu hili, abiria si watanimaliza?" Akamjibu kwamba abiria wakiwa na haraka wangepanda ndege. Akafungua mwavuli, akavuka taratibu, anasimama, anachungulia, anaendelea. Alipofika ng'ambo basi zima lilikuwa linafoka. Hakuomba radhi. Alifungua mfuko akagawa michembe na karanga kuanzia siti ya mbele mpaka ya nyuma, na kabla ya Kibiti walikuwa wanamwita bibi.

Akishavuka alitafuta mtu wa pale, muuza samaki au mama wa chai, akamuuliza maswali mawili tu. La kwanza, zamani mlivukaje hapa? Watu hupenda swali hilo, wakamweleza habari za mitumbwi, mamba na pantoni lililokuwa likikwama kwenye mchanga. La pili lilikuwa linawashangaza. Na wale waliokuwa wanafanya kazi kwenye pantoni, walikwenda wapi? Wengi hawakujua. Mmoja alimwambia huyu analima ufuta, yule amehamia kivuko kingine, na fulani anashinda kilabuni. Mwalimu alirudi Pasiansi na majibu hayo kichwani, akanisimulia kana kwamba wale watu ni ndugu zake. Mimi nilisikiliza huku nikijiuliza, hivi mtu anasafiri mwisho wa nchi kwenda kuulizia wavuta kamba?

Sasa sikia na hili. Mbele ya geti letu palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na juu yake tuliweka ubao mpana tu, mbuzi wanapita wakikimbia. Mwalimu aliuogopa ubao ule. Kila asubuhi akitaka kwenda misa alisimama ukingoni na mkoba wake, anaita, "Mpangaji! Njoo unishike mkono." Mama aliyechungulia maporomoko ya Rusumo! Nilipomcheka alisema daraja limejengwa na mainjinia na ubao umewekwa na mimi. Na kweli niliuweka mimi.

Mambo mengi ya asili aliyacheka. Jirani alipomwambia bundi amelia juu ya bati lake, alimuuliza kama huyo bundi amesema jina la mtu. Habari za waganga alizimaliza kwa kuguna. Lakini ukifika kwenye ukwe, hapo usimguse. Kwao Wasukuma mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawakutani uso kwa uso kwenye njia nyembamba. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, anaingia kando, hata kama kando yenyewe ni shamba la mihogo lenye umande. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwilima, hata mvua inyeshe ya mawe. Kwetu Bukoba mkwe anaheshimiwa pia, lakini si kwa kukimbiana namna hiyo, na nilimwambia hivyo.

"Nyie watu wa senene mna aibu gani?" akasema. "Ngoja uoe, utaelewa."

Nilioa, na sikuelewa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa ng'ambo, upande wa Sengerema, kijiji cha karibu na Busisi. Ukitoka Mwanza unakwenda mpaka Kigongo, halafu lile ghuba la ziwa unalivuka kwa kivuko. Ni karibu kiasi kwamba watu wanakwenda kuuza nyanya na kurudi. Mama aliyefika Ruvuma hakwenda kwa binti yake. Ukimuuliza, jibu lilikuwa lile lile. "Kivuko, mwanangu. Foleni ile ikinikamata, nitalala wapi? Kwa mkwilima?" Nikamwambia kuna gesti. Akaniuliza nimewahi kuona wapi mama analala gesti na mwanawe yupo. Nikamwambia fulani na fulani wanavuka asubuhi na saa nane wamesharudi. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza Mto Kagera unaingia ziwani au unatoka.

Binti alikuwa anakuja yeye, siku za mwanzo. Mrefu kama mama yake, mcheshi, anaingia uwanjani na kuku wa miguu iliyofungwa na sauti ya juu. Baadaye akaja kwa nadra, halafu akaacha kabisa, akawa ananipigia simu mimi kuuliza kama mama yake mzima. Siku moja nilimuuliza kulikoni. Akalia kwenye simu, mimi nimeshika bisibisi sijui niiweke wapi.

"Mama ananidharaulia mume," akasema. "Kwa sababu ni kibarua wa kivuko, hana vyeti. Alikuja mara moja tu, kaka. Mara moja! Nimechinja, nimepika, nimeazima viti. Akafika Busisi, akakaa pale pale gatini, akasubiri kivuko kingine akarudi. Hakuja kunisalimia hata kidogo. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Usiku kucha niligeuka kitandani nikimlaani Mwalimu kimya kimya, na asubuhi nilimshika mkono kuvuka ubao kama kawaida.

Kwa muda mrefu hiyo ndiyo picha niliyokuwa nayo, mama mwenye elimu anayemwona mkwewe si kitu. Ilinikaa vibaya, kwa sababu mimi mwenyewe sina vyeti vingi na alinitendea kama mtoto wake. Daraja la pale Kigongo lilipoanza kujengwa, nikachanganyikiwa zaidi. Alilifuatilia kama mtu anayejengewa nyumba. Alikuwa anakwenda kusimama ufukweni kutazama nguzo zikiota majini, anarudi na kulalamika kwamba hawa mafundi wanakunywa chai sana. Alifunga na kusali novena kwa ajili ya lile daraja. Kisha siku nyingine ananiambia kwa huzuni tupu, "Likiisha hili, mwanangu, sijui itakuwaje." Ungedhani kuna watu wawili ndani ya gauni moja.

Likaisha. Mwanza nzima ikaenda kulitembelea. Watu walivaa nguo za sikukuu, wakapiga picha na watoto. Mwalimu akasema magoti yanamuuma.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Ndipo binti akanipigia tena, na safari hii hakulia. "Mwambie mama kivuko cha kusingizia hakipo tena. Barabara ni moja kwa moja, anakuja na kurudi kabla jua halijawa kali. Mwambie Jumamosi nitapika. Asipokuja, nitajua sina mama, na sitauliza tena."

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikampa ujumbe wote bila kupunguza neno, na kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikaongeza la kwangu. Nikamwambia kumdharau mtu kwa sababu ya kazi yake si vizuri kwa mtu wa rika lake.

Aliweka ungo chini. Nilitegemea anifukuze nyumba.

"Kumdharau?" akasema. "Ndivyo anavyosema mwanangu?"

Akanisimulia, akitazama mchele muda wote. Siku ile alipanda kivuko akiwa na furaha zake. Hakujua mkwilima yuko zamu. Katikati ya ghuba akageuka, akamwona pale mbele, kifua wazi kwa joto, anashughulika na minyororo. Na yeye akamwona. Juu ya kivuko hakuna shamba la mihogo la kuingia. Kijana wa watu akaacha minyororo, akateremka chini kwenye injini, akajificha. Wakamwita wakati wa kutia gati, hakutoka. Mkubwa wake akafoka, abiria wakapokezana kumtukana, mvivu, mlevi, mpumbavu asiyejua kazi. Na Mwalimu amesimama pale pale na mwavuli wake, anasikia yote, anajua kosa lote la kijana yule ni kumheshimu yeye.

"Ningesema nini, mwanangu? Niseme muacheni, ni mkwe wangu, na ameshavua shati mbele yangu? Ningemmaliza kabisa. Nikashuka gatini. Ningeendaje tena kukaa kwenye kiti chake? Nikarudi. Nikasema sitapanda tena kile chombo akiwa na kibarua pale."

"Kwa nini hukumwambia binti yako?"

"Nimwambie nimemwona mumewe kifua wazi?"

Alisema kwa mshangao wa kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikafikiria miaka yote ile, mabasi yote yale, na lile swali lake la pili ng'ambo ya kila mto. Alikuwa anaulizia watakavyoishi wa kwake.

"Sasa kivuko hakipo," nikasema. "Nenda."

"Na kibarua chake kimeota nyasi. Nimeliombea daraja, limekuja, limemfuta kazi. Niende nikamwambie nini? Pole, nilikuwa nasali?"

Mpaka leo sijui angejibiwa nini.

Jumamosi asubuhi aligonga mlango wangu. Amevaa gauni la Pasaka, kitenge begani, mkoba mkononi. "Mpangaji, vaa viatu." Tulipanda gari mpaka Kigongo, na kama nilivyoogopa, akamwambia dereva atushushe kabla ya daraja. Nikamwambia hili ni refu kuliko yote aliyovuka, na magoti je? Alishatangulia.

Tulitembea kwenye njia ya miguu ya upande wa kulia, ziwa chini yetu, malori yakipita na upepo unaomvuta kitenge. Alisimama mara nyingi. Hakusema lolote kuhusu nguzo wala nyaya. Alikuwa anapumua kwa taabu na kutazama mbele tu. Tulipofika karibu na katikati nikaona mwanaume anakuja kutoka Busisi, kwenye njia ya upande wa pili wa barabara. Shati jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, pamoja na jua lile.

Alituona, akasimama ghafla. Akageuka akaipa barabara mgongo, akatazama maji. Mwalimu naye akajifunika kitenge kichwani, akageukia maji ya upande wetu. Nikabaki mimi peke yangu nimetazama barabara, kushoto mgongo, kulia mgongo, katikati malori ya mafuta.

"Mwulize," Mwalimu akasema, "kama mwanangu bado ananitaka."

Nikapaza sauti kuuliza. Mgongo ukanijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Mwambie mama, mwenzangu yuko kule mwisho. Anasema hakanyagi daraja mpaka amwone mama kwa macho yake. Mimi nimekuja kuangalia tu kama ni kweli."

"Mwambie siku ile nilirudi kwa sababu ya matusi waliyomtukana. Yalikuwa ya kwangu, yakamwangukia yeye."

Nikayapeleka, neno kwa neno, lori likapita, nikarudia. Niliona yule mwanaume anajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwambie nilidhani aliniona mchafu," akasema.

"Mwambie aache ujinga," Mwalimu akasema. "Mwambie pole kwa kazi."

"Mwambie ahsante. Nina bodaboda, hatulali njaa."

Kisha wakaanza kutembea kuelekea Busisi, yeye upande wake na Mwalimu upande wake, mwendo mmoja, hakuna anayegeuza shingo. Mama alipopumzika, kule ng'ambo ya barabara na yeye alipumzika, sijui alikuwa anajuaje. Tukafika mwisho. Pale daraja linapogusa nchi kavu, Mwalimu akasimama, ampishe mkwilima atangulie kushuka. Mkwilima naye akasimama, ampishe mama mkwe. Dakika zikaenda. Kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa heshima, hakuna anayeweza kusema pita, na mimi nimechoka kutumwa.

Binti alikuwa pale chini ya bango, mikono kiunoni. Nilimwona akimtazama mumewe, akimtazama mama yake, uso umekunjamana, sijui ni kicheko au kilio. Akaja. Akapanda lile daraja alilokataa kulikanyaga, akampita mumewe, akavuka barabara bila hata kuangalia magari, akapiga goti mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama."

Yule mwanamke aliyeitika marahaba ya mtaa mzima alifungua mdomo, haikutoka. Alimshika tu kichwa kwa mikono miwili.

Mimi nilipewa wali nikala, nikarudi mchana, kwa sababu Mwalimu alisema anamalizia mazungumzo, atanifuata na gari la saa kumi. Hakunifuata. Jumapili hakuonekana misa. Jumatatu asubuhi nilimkuta ukingoni mwa mtaro, anasubiri nimshike mkono, ametulia kabisa, ananuka moshi wa jiko la kuni la watu wengine.

"Mwalimu, ulilala wapi siku zote hizi?"

Alitazama pembeni, akarekebisha kitenge.

"Foleni ya kivuko, mwanangu," akasema. "Ilikuwa ndefu kweli."